Bunduki ya Nankondo

Tangu nirudi Morogoro, kila ninayekutana naye sokoni au kanisani ananiuliza lilelile: Mwalimu, ni kweli ulikwenda Upareni na jeneza? Wengine wamesikia kwamba nilikamatwa na silaha. Mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa ni jirani na tunaazimana chumvi, amesikia kwamba nilimtisha baba yangu mdogo mbele ya ukoo mzima. Nimechoka kuanza upya kila siku, tena kwa watu wanaonikatiza nikiwa bado Chalinze. Nimekaa, nimeandika. Someni, mkimaliza msiniulize tena.

Sikukamatwa. Jeneza halikuwepo. Hiyo habari ya kumtisha baba mdogo ina ukweli wake, mtaukuta mbele.

Kwa asiyejua, tangu nistaafu kufundisha historia nakusanya bunduki za zamani. Sichukui bunduki yoyote tu. Nachukua zile zenye jina la mtu, lililochongwa au kuchomwa kwenye ubao wake, na ambazo ukoo wa mtu huyo bado una la kusimulia. Ninazo tano, zote magobore, yale ya kushindilia baruti mdomoni kwa ufito. Ziko chumba cha nyuma, wanafunzi huja kuziangalia, na zote zimezibwa mitutu kiasi kwamba hata panya haziogopi. Habari za vibali na mihuri sitawachosha nazo. Mjue tu kwamba ninavyo, na kwamba anayeona mwanamke wa miaka sitini na mmoja hana kazi na vitu hivyo nimeshamjibu, na jibu langu halijabadilika.

Ya sita niliyoitaka ilikuwa ya nyumbani kwetu, Gonja. Bibi mzaa baba aliitwa Nankondo. Mume wake, babu Yohana, alikuwa akikata mkonge kwenye mashamba ya tambarare. Alikuja Krismasi na kuondoka kabla hatujapanda. Shamba letu lilikuwa la mwisho kabla ya msitu, na nguruwe hawamsubiri mume wa mtu arudi. Bibi ndiye aliyepanda dungu kulinda mahindi, ndiye aliyeshindilia, ndiye aliyelenga. Na kila alipoangusha nguruwe, kijiji kizima kilisema: bunduki ya Yohana imeua tena. Yohana mwenyewe alikuwa mkonge, hata habari hana.

Nilikuwa na miaka minane nilipoliona jina la bibi kwenye kitako, limechomwa kwa msumari wa moto. Ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma. Nililifuata kwa kidole herufi moja baada ya nyingine, na bibi akacheka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kesi yote inasimama juu yake. Kwetu, kitu cha mwanamume kinabaki kwa wanaume wa ukoo, na kitu cha mwanamke kinakwenda kwa mabinti zake. Bibi hakuzaa binti. Mjukuu wa kike wa kwanza ni mimi. Alipofariki nilipewa jembe lake na kinu chake bila ubishi wowote, lakini bunduki ikabaki ukutani kwa baba mdogo Elieskia, ikaitwa ya Yohana.

Halafu mama mdogo Naelijwa, mke wa huyo baba mdogo, akanipigia simu. Alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, njoo. Jumamosi kuna kikao, wanamaliza kujengea kaburi la babu yako. Amani kanunua msasa na vanishi. Wanasema wataipiga msasa ile bunduki waandike jina la mzee."

Amani ni mwanawe, seremala. Nikaandika kwenye grupu la ukoo kwamba bunduki ile ni ya bibi na ina jina lake. Amani akajibu: "Dada, ile ni mikwaruzo tu. Mambo ya bunduki tuachie wanaume." Chini yake watu kumi na mmoja wakaweka vidole gumba. Niliizima simu, nikaenda kutafuta fundi wa kunitengenezea sanduku.

MOROGORO HADI MWANGA: POLE ZA MSIBA

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao za msonobari, jembamba, refu kupita mtoto wa darasa la tatu, na lina vishikio vya kamba ubavuni. Mimi niliona sanduku zuri la bunduki. Konda wa basi aliliangalia, akavua kofia.

"Mama, pole sana. Tuliweke wapi, maana kwenye buti kuna mafuta ya taa."

Nikamwambia popote, ni tupu. Akatikisa kichwa kwa huruma zaidi. Mama mmoja wa Korogwe aliyekaa nami akanishika mkono tangu Msamvu hadi Chalinze bila kusema. Mwishowe akauliza kama ninamfuata marehemu. Nikasema namfuata bibi yangu. Akaligeukia sanduku, akanigeukia mimi, akauliza kwa upole kama bibi alikuwa mwembamba.

"Ni sanduku la bunduki," nikasema.

Akaurudisha mkono wake. Kutoka hapo hadi Korogwe alisali kimyakimya, na aliposhuka aliniaga kwa mbali.

Hedaru basi likaharibika. Dereva alisema ni mkanda, utingo akasema ni zaidi ya mkanda, wakabishana saa tatu nzima huku sisi tumeshuka kwenye vumbi na upepo wa pale, ambao hauna adabu hata kwa wazee. Nilikula mayai mawili na karanga. Vijana wa abiria wakalikalia sanduku langu kama benchi. Nilikuwa naenda kuwaondoa, lakini konda akawahi kuwanong'oneza, na wote watatu wakaruka kwa pamoja. Hakulikalia mtu tena hadi mwisho wa safari.

Same tuliipita jioni, na nilipobaki kwenye kiti konda akanikumbusha kwamba tiketi yangu ni ya Same. Nikamwambia naongeza hadi Mwanga. Mtauliza kwa nini, wakati Gonja iko upande wa Same na kikao ni Jumamosi. Sababu ni kwamba mimi ni Mpare. Mnatutania kwamba Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku, nami sijawahi kukataa. Aliyeuza ng'ombe anajua alichokuwa anakitafuta. Na Mpare haendi kwenye kesi bila shahidi, na shahidi wangu alikuwa Ugweno.

Mwanga nilikula perege wa bwawani na ugali, nikalala nyumba ya wageni. Mhudumu aliomba sanduku lilale nje.

UGWENO: MTOTO WA MHUNZI

Bibi alikuwa akisema kwamba bunduki ile iliwahi kuvunjika, akaipeleka mwenyewe kwa miguu hadi Ugweno kwa mhunzi aliyekosa kidole kimoja. Nilitafuta ukoo wa mhunzi huyo miaka mingi. Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, mtu wa kulekule, akaniambia mtoto wa mhunzi yupo hai, anaitwa Mzee Zefania, na akili yake bado iko sawa.

Bodaboda ilinipandisha Alhamisi asubuhi. Njia ile inapanda hadi unaona migomba chini ya miguu yako. Mzee Zefania nilimkuta anaanika kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha kiti na kikombe cha kahawa. Nilipotaja tu bunduki na baba yake, akasimama.

"Kama imelipuka, baba yangu alishakufa," akasema. "Na mimi sikuwa fundi. Nilikuwa navukuta moto tu. Huwezi kunishtaki mimi."

Nilicheka hadi kahawa ikanimwagikia. Nikamweleza kwamba haijalipuka, imelinda mahindi miaka yote. Akakaa, lakini mkewe alibaki mlangoni akitusikiliza, kwa tahadhari. Ilibidi niile bakuli ya ndizi na maharage yote ndipo mzee aanze.

"Huyo mama namkumbuka," akasema. "Baba alikuwa na mwiko wake. Chuma kinachoua hakitoki mkononi mwake kikaingia mkononi mwa mwanamke. Jembe sawa, kisu cha jikoni sawa. Mkuki au bunduki, hapana. Mama yule akakaa pale kwenye lile jiwe. Siku ya kwanza baba akamwambia amlete mume. Akasema mume yuko mkonge. Siku ya pili akamwambia basi amlete shemeji. Akasema shemeji hajui kulenga. Siku ya tatu mama yangu akamwambia baba, huyu haondoki, na mimi nimechoka kumpikia. Ndipo baba akaitengeneza."

"Sasa alimpaje?"

"Hakumpa. Aliiweka chini, hapo unapokanyaga, akageuka akaangalia mlima. Mama akainama, akaiokota, akaenda zake. Hata asante hakusema. Ningekuwa mimi nisingesema pia."

Niliondoa mguu wangu pale. Sijui kwa nini, niliondoa tu.

Nikamuuliza habari ya jina. Akaniambia kwamba baba yake alikuwa na desturi. Kila bunduki aliyoifungua aliigonga alama ya mwenye bunduki chini ya mtutu, upande ule unaolala ndani ya ubao, karibu na mkia wake, pale unapofungwa kwa skrubu. Juu, alisema, mikono na jasho hufuta, na mwizi akipata nafasi hukwangua. Ukitaka kuiona alama lazima uzitoe zile pete mbili za chuma zinazoufunga mtutu.

"Mama yule aliandika kwenye majivu kwa kijiti. Baba hakujua herufi, alimwiga tu, kitone kwa kitone, kwa tindo. Vilikuwa vingi, navikumbuka."

"Liliandikwa jina lake au la mume?"

Mzee Zefania akanitazama kama vile mimi ndiye mzee na yeye ndiye mwalimu.

"Mwanangu, nimekwambia nilikuwa navukuta. Kusoma sikujua."

Nilishuka na hilo moyoni. Ningeweza kukuta Yohana chini ya mtutu. Wanawake wa zamani waliandika majina ya waume zao kwenye vitu vyao wenyewe, nimeyaona mengi katika kazi hii. Njia nzima ya kuteremka nilikuwa najibishana na bibi: uliandika nini kwenye yale majivu? Hakunijibu, na bodaboda alidhani namwambia apunguze mwendo.

SAME HADI KISIWANI: MAJI

Ijumaa alfajiri nilikuwa stendi ya Same na sanduku langu. Gari la Gonja lilikuwepo, abiria tulikuwepo, dereva hakuwepo. Alikuja saa nne, akasema milimani mvua imenyesha usiku kucha na anasubiri simu kutoka kijiji cha Kisiwani. Simu haikuja. Mama ntilie wa pale akanipakulia makande, na kwa kuwa alisikia lafudhi yangu imeshaharibika kwa kukaa Morogoro, aliniuliza kama nayajua. Nilimaliza bakuli mbili nimjibu kwa vitendo. Mahindi yake yalikuwa yameiva sawasawa na maharage, jambo ambalo wengi wanashindwa.

Tukaondoka mchana. Karibu na Kisiwani tukakuta foleni: malori ya tangawizi yanayoteremka yako ng'ambo, sisi tunaopanda tuko huku, na katikati korongo limejaa maji mekundu yanayobeba magogo. Dereva akazima gari, akatandika kanga ya mkewe chini ya gari, akalala.

Nilimwamsha mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Mama, hata ungekuwa na maiti halisi humo ndani, maji hayajui."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilikaa juu ya sanduku nikalia, na kilichoniliza ni hasira. Nilihesabu saa. Amani ana msasa, ana vanishi, na vanishi inakauka haraka kuliko korongo. Nilimpigia mama mdogo, simu haikupatikana. Mwanamume mmoja aliyebeba mche wa parachichi akakaa karibu nami, akasema nisilie, Mungu atampokea. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Nikasema amina.

Tulilala Kisiwani. Maji yalipungua asubuhi ya Jumamosi, siku ya kikao.

GONJA: KIDHIBITI

Nilifika kwetu saa saba mchana, miguu imejaa tope, sanduku liko kichwani mwangu kwa sababu bodaboda ilikwama kwenye kona ya mwisho. Watu waliokuwa wamekaa uani walisimama wote waliponiona. Walidhani nimeleta msiba.

Kaburi la babu lilikuwa limekamilika, lina marumaru nyeupe na msalaba. Mbele yake kulikuwa na meza yenye kitambaa, na juu ya meza bunduki. Niliinusa kabla sijaiona vizuri. Ubao ulikuwa unang'aa kama kabati la duka. Pale nilipopitisha kidole nikiwa na miaka minane palikuwa pamesuguliwa hadi laini, na juu yake, kwa patasi nzuri, maana Amani ni fundi kweli, pamechongwa MZEE YOHANA.

"Karibu mwanangu," akasema baba mdogo Elieskia. Ana miaka sabini na minane na bado anajikata ndevu mwenyewe. "Umekuja na jeneza?"

"Shikamoo baba mdogo. Nimekuja na sanduku."

"Marahaba. La nini?"

"La hiyo."

Amani akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Mama mdogo akanishika mkono akanipeleka jikoni, kwa sababu kwetu mtu hasemi kesi yake kabla hajala, na pia alitaka kuniambia kwamba alificha msasa mara mbili na mara mbili wakanunua mwingine. Nilikula wali na maharage bila kuusikia utamu wake. Kisha nikatoka.

Nilisema yote mbele ya ukoo: dungu, mkonge, nguruwe, jina lililofutwa, jiwe la Ugweno, siku tatu, vitone chini ya mtutu. Walinisikiliza, maana kusikiliza kesi hatujawahi kushindwa. Nilipomaliza Amani akasimama.

"Dada ulikuwa na miaka minane. Mtoto anaona mengi. Na huyo mzee wa Ugweno mwenyewe anasema hakusoma. Ushahidi uko wapi?"

"Uko ndani. Toa pete mbili."

"Yaani tuibomoe bunduki ya babu mbele ya kaburi lake, tena vanishi haijakauka vizuri?"

"Wewe uliyelibomoa jina la bibi hukuuliza vanishi."

Wakaguna. Baba mdogo akainua mkono, akasema kikao hakikuitishwa kwa ajili hiyo, kimeitishwa kwa ajili ya kaburi, na jambo la bunduki limekwisha. Hapo ndipo nilipomtisha, na ule ukweli niliowaahidi ni huu. Nilisema:

"Baba mdogo, mkikataa kuifungua, Jumatatu niko baraza la kata. Nitaushtaki ukoo wangu mwenyewe, nikiwemo na mimi kama mwanachama. Na nikishindwa kata nitakwenda juu. Nimestaafu, nina muda."

Mngetegemea wakasirike. Nilisikia mnong'ono wa kuridhika ukipita kwenye viti, na mzee mmoja wa nyuma, mkwe wetu kutoka kijiji cha Mamba, akasema kwa sauti, "Kesi bila kidhibiti ni uvivu. Fungueni." Wengine wakamuunga mkono. Hata waliokuwa upande wa Amani walitaka kuona.

Baba mdogo akaniuliza swali moja tu. "Na tukikuta ni jina la baba yangu?"

"Nitaondoka na sanduku tupu. Na kwenye grupu nitaandika mwenyewe kwamba nimeshindwa."

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa.

Amani ndiye aliyeifungua, maana vifaa vilikuwa vyake, na nasema kwa haki kwamba alifanya kazi kwa uangalifu. Pete zilikuwa zimekamatwa na kutu. Akapaka mafuta ya taa, tukasubiri, akagonga taratibu kwa nyundo ya mbao, ikatoka ya kwanza, na baada ya muda mrefu ikatoka ya pili. Skrubu ya mkia ilimchukua zaidi. Mtutu ulipoinuka kutoka kwenye ubao, chini yake hapakuwa na kitu isipokuwa ukoko mweusi wa mafuta ya zamani.

"Hakuna," Amani akasema.

Mama mdogo Naelijwa alikuwa amesimama nyuma yangu siku nzima bila kusema neno mbele ya wanaume. Akaenda jikoni, akarudi na majivu kwenye kifuniko cha sufuria. Akaufuta ule ukoko kwa pindo la kanga, akaumwagia mtutu majivu, akayasugua kwa kidole gumba, akayapuliza. Majivu yakabaki kwenye vishimo tu. Vitone vikatokea vyeupe, mstari mmoja uliopinda. Mama mdogo alisoma darasa la nne, hivyo alisoma taratibu, na kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia.

"NANKONDO."

Nilivifuata vitone kwa kidole, kimoja baada ya kingine.

Baba mdogo alikuwa akiangalia mikono yake. "Nilijua," akasema. Amani akageuka kumtazama, hakuamini. "Mimi ndiye niliyembebea baruti. Nilikuwa mdogo, naishika kwenye pembe ya ng'ombe, naye ananiambia usiimwage. Nimemwona mama akilenga kabla sijaota meno ya pili."

"Sasa kwa nini, baba mdogo?"

"Mama aliacha shamba. Akaacha nyumba na mfereji wa maji, akaacha na nyinyi nyote mnaomsimulia. Baba aliacha koti moja na barua mbili. Maisha yake yote yaliishia kwenye mkonge wa watu. Nilitaka na yeye awe na kitu ukutani."

Nilimwonea huruma, nawaambia kweli. Nilitaka hata kumshika mkono. Lakini huruma haikutosha kuninyamazisha.

"Babu ana marumaru," nikasema. "Bibi ana udongo, pale pembeni. Nimepita sasa hivi, kuna mbuzi amefungwa juu yake."

Mtu akaenda kumfungua mbuzi. Hakuna aliyemtuma.

Wazee wakanong'onezana, haikuchukua muda wakasema bunduki iende kwa mjukuu. Amani akarudisha mtutu na pete zake. Nikamwambia maandishi ya kitako ayaache hivyohivyo. Sitaki kufuta jina la mtu kwa msasa, nimeona inavyouma. Baba mdogo akaichukua bunduki kutoka mezani, akaja nayo hadi nilipokuwa nimesimama karibu na sanduku. Nikanyoosha mikono. Hakuniangalia. Akainama kidogo, akaiweka chini, kwenye majani, hatua moja kutoka miguuni mwangu, kisha akageuka akaangalia msitu.

Sikuwa nimesimulia sehemu ile ya Ugweno. Siku tatu za kwenye jiwe nilizitaja. Namna bibi alivyoipokea bunduki niliiweka moyoni, nilikuwa nimeona haya kwa niaba yake. Baba mdogo hakufundishwa na mtu. Alikuwa nao mwiko uleule wa yule mhunzi, ameurithi kama tulivyorithi pua.

Watu wote walikuwa wananingojea niiname. Mama mdogo naye alikuwa ananiashiria kwa macho: okota, mwanangu, umeshinda, okota twende.

"Baba mdogo," nikasema, "siokoti."

"Iko hapo," akajibu bila kugeuka.

"Naiona. Bibi aliiokota chini kwa sababu alikuwa na mahindi ya kulinda na watoto wa kulisha, na wewe ukiwa mmoja wao. Mimi sina mahindi. Nipe mkononi."

Amani akasogea, akanyoosha mkono aiokote yeye amalize.

"Amani, kaa," akasema mama yake, na Amani akakaa.

Baba mdogo aligeuka polepole. Alinitazama, akaitazama bunduki, akaweka mkono kwenye goti akaanza kuinama, na tuliisikia mifupa yake. Mama mdogo akataka kumsaidia, akamkataza kwa kichwa. Aliiinua kwa mikono miwili.

"Shika," akasema. "Shika bunduki ya mama yangu."

Nikaishika, na Amani akafungua kifuniko cha sanduku.